Miaka Sita ya Kuombewa

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Mchungaji Stanley Onchiri alipofika mahali pa kuwaita mbele wasio na kazi, Zablon Mirumbe alisimama bila kusukumwa. Zamani mama yake, Jerusha, alikuwa akimgusa ubavuni kwa kiwiko. Siku hizi miguu iliijua njia yenyewe. Alipita katikati ya viti vya plastiki, akapiga magoti pamoja na vijana waliomaliza chuo, wazee waliofutwa kiwandani na dada mmoja aliyekuwa akitafuta kazi ya saluni, akafumba macho. Mchungaji alimwekea kiganja chenye joto kichwani, akaomba kwa sauti iliyowafikia hata watu wa bodaboda pale nje: "Baba, mkumbuke Zablon. Mfungulie mlango. Kama mlango ni mgumu, mfungulie hata dirisha."

Sasa kioja chenyewe ni kwamba Zablon alikuwa na kazi. Pengine katika wote waliopiga magoti siku ile, ni yeye peke yake aliyekuwa na kazi ya kukabidhi Jumatatu asubuhi. Watu asiowajua walimtumia sauti zilizorekodiwa, naye akazisikiliza, akaziandika neno kwa neno, na walipotaka akazitafsiri. Zilikuwa mahojiano ya watafiti kuhusu malaria na mahindi, kesi za mashamba, mikutano ya wavuvi wa Karungu. Zilikuja kwa Dholuo, kwa Kikuria, kwa Kiswahili cha mchanganyiko. Alikaa katika chumba kidogo nyuma ya jiko la mama yake, hapo Suna, Migori, na visikizio masikioni, na malipo yakaingia kwa simu.

Malipo mazuri ya kwanza ndiyo yaliyoleta taabu. Zablon alikwenda mnadani Ogwedhi akamnunulia mama yake mtamba. Ng'ombe aliingia boma mchana, na kabla ya giza jirani yao, Mama Nyangau, alikuwa ameshikilia ua wa boma.

"Huyu kijana hatoki nje, haendi mahali, na ng'ombe ameingia," alisema. "Ameingia na nini?"

Mwaka huo binamu mmoja wa Zablon alikamatwa kwa mambo ya wash wash, wale wa kutengeneza pesa za uongo, na polisi walibeba hata waliokunywa chai naye. Naibu wa chifu akapita kusalimu, akaitazama laptopu kuliko alivyowatazama watu. Jerusha alikuwa mjane, na mjane hangoji moshi ndipo atafute maji. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema ng'ombe ni zawadi ya shemeji yake, na mwanawe, ole wake, amekosa kazi kabisa, naomba mumwombee. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Ya Jerusha ilikuwa na umri wa miaka sita, na kila mwezi ilifagiliwa na mchungaji mwenyewe.

*

Jumapili moja ya mwaka wa sita Risper alikuwa amekuja. Risper, mke wa Zablon, alikuwa muuguzi, na alikuwa amehamishiwa zahanati moja mjini Homa Bay mwaka wa pili sasa. Alikuja mara moja kwa mwezi pamoja na binti yao Scovia, wa miaka mitatu. Yeye Mjaluo, mume Mkuria, na Kiswahili ndicho kilichowaoza, kwa hiyo ndicho walichotumia jikoni na katika ugomvi.

Huko Homa Bay mtu akimwuliza Scovia baba yako yuko wapi, mtoto alionyesha simu. Na siku ile, baba mwenyewe akiwa amekaa mbele yake na bakuli la uji, Scovia alichukua simu ya mama yake akaiweka sikioni.

"Halo, baba," akasema.

Wote walicheka. Zablon alicheka kuliko wote, kisha akatoka nje kidogo, akajifanya anaangalia kamba ya ng'ombe.

Risper alimfuata. "Si uje tu," alisema, kama alivyosema kila mwezi.

"Nije kama nani?" Naye alijibu kama kila mwezi. "Nikae kwa nyumba unayolipa wewe, kwa mji wa kwenu, kaka zako wakija waniulize nafanya nini niseme niko tu? Watasema nimeolewa."

"Lakini uko na kazi."

"Kazi gani, Risper? Hata hiyo inaisha."

Na ilikuwa inaisha kweli. Mashine zilikuwa zimeanza kusikiliza zenyewe. Kiingereza zilikuwa zimekimaliza, Kiswahili zilikuwa zinakinyemelea. Kikuria na Dholuo ndizo zilizosalia kwa masikio ya watu, nazo hazikuja kila wiki. Mwezi uliopita Zablon alikaa siku nyingi na visikizio masikioni bila sauti yoyote ndani, ili mama yake asijue.

Hapo Risper akatoa tangazo mkobani. Lilikuwa limebandikwa ukutani pale zahanati. Shirika moja la Homa Bay lilikuwa likikusanya simulizi za akina mama wa kando ya ziwa kuhusu uzazi, na lilitafuta mtu wa kunukuu na kutafsiri. Mshahara wa kila mwezi. Ofisi. Dawati. Lilitaka barua, wasifu, na majina ya watu watatu wa kumtolea ushuhuda.

"Hii ni wewe walikuwa wanaandika," Risper alisema. "Walikosa tu jina."

*

Walikaa mezani mchana ule, Scovia amelala kwenye kochi, Jerusha ameenda mkutano wa akina mama. Risper alisoma wasifu aliouandaa mumewe. Elimu ilikuwepo. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwepo. Baada ya chuo kulikuwa na nafasi nyeupe iliyoshuka hadi chini.

"Hapa umeandika nini?"

"Sijaandika kitu."

"Naona. Ndiyo maana nauliza."

"Niandike nini? Sina kampuni. Sina bosi. Sina hata kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni."

"Andika freelance. Kujitegemea."

"Watu wa ofisi wakiona hiyo wanajua ni mtu anakaa kwa nyumba na kaptura."

"Kwani si unakaa na kaptura? Lakini unafanya kazi ukiwa nayo." Risper aliivuta laptopu upande wake. "Kwetu zahanatini, dawa isiyoandikwa kwa faili haikutolewa. Hata kama mgonjwa amepona. Miaka sita yote umetoa dawa bila kuandika, Zablon. Nani atajua?"

Akaandika mwenyewe: Mnukuzi na Mtafsiri wa Kujitegemea, Migori. Akaweka mwaka wa kuanza, kisha neno hadi sasa. Zablon alitaka kila kibarua kikae peke yake. Risper akakataa, akasema vibarua vikitawanyika vinaonekana takataka, vikifungwa pamoja ni mzigo. Akamwuliza wateja walikuwa nani. Zablon akasema wengine walimkataza kutaja majina. Basi taja aina, akaambiwa: watafiti, mawakili, makanisa, vyama vya wavuvi. Lugha gani? Nne. Umewahi kurudishiwa kazi? Mara moja, mwanzoni, alipomsahihisha mzee wa watu sarufi yake. Tangu hapo aliandika watu walivyosema.

"Na ngumu kuliko zote ilikuwa gani?"

Zablon alifikiri. "Kuna mama mmoja wa Karungu. Alikuwa anaeleza vile mtoto wake alimfia njiani wakienda hospitali. Ukiandika, mtu akilia, unaweka mabano unaandika 'analia.' Ndiyo sheria. Nikaandika. Halafu nikasimamisha, nikaenda kunawa uso, nikarudi."

Risper aliacha kuandika. Alimtazama huyu mtu ambaye alidhani anamjua hadi kucha.

"Hukuniambia."

"Haikuwa yangu kusema. Ilikuwa kazi."

Akamshika mkono juu ya kibodi, na kwa muda wasifu haukuendelea.

Walipofika kwenye wadhamini, wawili walipatikana upesi: wakili Kerosi wa pale mjini, aliyekuwa akimtumia kesi, na mwalimu wake wa chuo. Wa tatu akakosekana.

"Weka mchungaji," Zablon alisema. "Ananijua tangu niko Sunday school."

"Mchungaji ni mzuri," Risper alikubali. "Ofisi zinapenda mchungaji."

Hivyo ndivyo walivyoandika. Mtu akizoea uongo wa nyumbani huacha kuuona, kama vile kovu lake mwenyewe la gotini. Jina la Mchungaji Onchiri na namba yake ya simu vikaenda Homa Bay, na hakuna aliyeshtuka.

*

Chumba cha usaili kilikuwa na feni iliyogeuka bila kuleta upepo. Nyuma ya meza walikaa watu watatu. Katikati alikuwa Bwana Austine, meneja, kijana wa shati lililopigwa pasi hadi likaogopesha. Kulia kwake alikaa Bi. Zilpah, mama wa makamo aliyesimamia kazi yenyewe ya simulizi. Wa tatu alikuwa mtu wa hesabu aliyetazama saa.

Walianza vizuri. Bi. Zilpah alimwuliza kuhusu lugha, naye akajibu. Kisha Austine akagonga karatasi kwa kalamu.

"Bwana Mirumbe, hii freelance. Ni kazi, ama ni kukosa kazi kwa Kizungu?"

"Ni kazi."

"Mkubwa wako alikuwa nani?"

"Mteja."

"Yupi?"

"Kila mmoja kwa zamu yake."

"Na ukichelewa asubuhi, nani alikuwa anakuuliza?"

"Nikichelewa silipwi," Zablon alisema. Bi. Zilpah akaandika kitu kidogo.

Austine akatabasamu, si kwa ubaya sana, ila kama mtu aliyebakisha kipande kitamu pembeni ya sahani. "Sisi huwa tunapigia wadhamini kabla ya mtu kuja. Nilimpigia mchungaji wako. Nikamwambia, huyu mtu anasema amekuwa freelance miaka sita, unajua hiyo? Akaniambia hivi." Aliinamia karatasi, ingawa ilionekana alikuwa ameyakariri. "'Ni ukweli kabisa, ndugu yangu. Ako free. Miaka hiyo yote amekuwa free, maskini. Kanisa lote linajua. Tunamwombea kila mwezi apate hata kazi ya kufagia.'"

Mtu wa hesabu alikohoa kile kikohozi cha mtu anayemeza kicheko. Feni iligeuka.

"Uko na la kusema?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa sentensi moja tu: mama yangu alimdanganya mchungaji. Lakini sentensi hiyo ilipofika ulimini alimwona Jerusha na kitambaa chake cheupe cha kichwa, katika safu ya pili, mahali alipokaa tangu mumewe azikwe, na wanawake waliomheshimu wamemzunguka. Hakuweza kumtoa pale na kumleta katika chumba hiki awekwe mezani mbele ya shati la Austine.

"Mchungaji hajadanganya," alisema. "Amesema anachokijua."

"Na wewe unajua nini?"

"Najua nilifanya kazi."

"Basi tutakupigia," alisema Austine, na kila aliyewahi kutafuta kazi Kenya anajua maana ya maneno hayo.

*

Risper alimngoja barazani pa zahanati akiwa na sare, na chakula alichokuwa amemfungia. Zablon alimweleza. Alipofika kwenye "ako free" Risper alicheka, kicheko kikamtoka kabla hajajua, kisha akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Nyasaye, Mungu wangu. Pole. Pole sana. Lakini si ungesema?"

"Niseme mama alidanganya madhabahuni? Hiyo ni kumwuza mama."

"Na mimi na Scovia, si umetuacha dukani tuuzwe?"

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angelisema kwa hasira. Zablon alikula samaki bila kujua anakula nini, na alipomaliza Risper akamfuta kola ya shati, ingawa haikuwa na kitu, akarudi kwa wagonjwa wake.

*

Kesho yake, Zablon akiwa amesharudi Suna, Mchungaji Onchiri alifika nyumbani na mwavuli, uso umemchangamka.

"Mama Zablon," aliita kutoka langoni, "leo nimekuja kudai chai ya shukrani."

Jerusha alimkaribisha, akamimina chai, akamwita mwanawe. Mchungaji alishika kikombe kwa mikono miwili na kuanza kueleza. Walikuwa wamempigia watu wa Homa Bay. Alikuwa amemsemea kijana hadi sauti ikamkauka.

"Waliniuliza mara mbili, 'Mchungaji, una hakika hajawahi kuwa na kazi?' Nikawauliza, niape? Nikawaambia huyu amepiga magoti mbele yangu mpaka suruali zimetoboka. Nilijua wakisikia taabu yake watamhurumia."

Jerusha aliweka birika chini. Alimgeukia Zablon. "Walikuuliza hayo?"

"Ndiyo, mama."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mchungaji hadanganyi."

Mama yake akakaa juu ya kigoda, polepole, kama anayeogopa hakipo. Hakuwa mtu wa kulia. Alinyoosha kanga magotini, akaikunja pindo, akaikunjua.

"Mchungaji, hiyo chai usinywe kwanza," alisema. "Zablon ako na kazi."

"Amina! Wamemchukua?"

"Hawajamchukua. Alikuwa nayo. Tangu yule ng'ombe."

Mchungaji alitazama nje, mahali ng'ombe alipokuwa akicheua na ndama wake wa tatu. "Yule wa shemeji yako?"

"Shemeji yangu hajawahi kuninunulia hata chumvi. Ni huyu alinunua. Anafanya kazi kwa kile chumba, watu wanamtumia sauti anaandika. Mimi ndiye nilisema hana. Niliogopa polisi, niliogopa macho ya watu. Yeye hakuwahi kusema hana. Mimi nilimsukuma, yeye akasimama, basi."

Mchungaji akaweka kikombe chini.

"Nimefunga kwa ajili ya huyu kijana," alisema. "Januari nilifunga mpaka mke wangu akadhani nina vidonda vya tumbo."

"Najua. Nilikuletea uji."

"Uliniletea uji." Akarudia neno hilo kama anayeonja kama lina sumu. Alikuwa ameumia, na hakuficha. "Hata mimi, Mama Zablon? Hungeniambia hata mimi?"

"Wewe ungemwambia mkeo, ili naye aombe."

Mkewe kweli alikuwa na maombi mengi na wasikilizaji wengi. Mchungaji akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha wala ubaya. "Kumbe Mungu alishajibu siku nyingi, na mimi kila mwezi ninamgongea mlango. Sijui ananionaje." Akatoa simu. "Lakini mimi ndiye nimemharibia. Ngoja nitengeneze."

Austine alipokea, na mchungaji akaweka spika ili wote wasikie. Alieleza kwa haraka, akijikwaa.

"Mchungaji," sauti ya Austine ilisema, "juzi hana, leo anayo. Ameipata lini? Jana?"

"Nilikuwa sijui, ndugu yangu."

"Basi na leo hujui."

Mchungaji alibaki ameishika simu kama kitu kilichomwungua. Jerusha akanyoosha mkono.

"Mwulize kama yule mama yuko. Zablon alisema kuna mama."

Mchungaji akauliza, milango ikafunguliwa na kufungwa huko Homa Bay, kisha sauti ya Bi. Zilpah ikaja, ya upole na ya tahadhari. Jerusha aliisogeza simu karibu na kinywa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alichojifunza akiuza ndizi, na hakikuwa na mapambo.

"Mama, shikamoo. Mimi ni mama ya Zablon. Mchungaji hana makosa. Mimi nilimdanganya. Mtoto aliniletea ng'ombe, watu wakauliza pesa imetoka wapi, nikaogopa, nikasema hana kazi. Huko kwenu alinyamaza juu yangu. Hakutaka kuniaibisha. Sasa najiaibisha mwenyewe, ameona, mchungaji ameona, imeisha."

"Nakusikia, mama," alisema Bi. Zilpah.

"Na kuna ingine." Jerusha alisita. Hakumtazama Zablon. "Hiyo ya polisi ilikuwa mwaka wa kwanza tu. Walisahau. Mimi nikaendelea. Nina watoto wawili wengine, walipata kazi, wakaenda, wanakuja matanga tu. Mtu hana kazi haondoki kwa mama yake. Nikaona, wacha asiwe nayo."

Zablon alikuwa amesimama kando ya mlango.

"Kwa hivyo, mama," Bi. Zilpah aliuliza taratibu, "unataka tumchukue aje huku?"

"Sitaki," Jerusha alisema. "Lakini mchukueni."

Kwenye spika zilisikika karatasi zikigeuzwa.

"Mimi siwezi kumpa mtu kazi kwa sababu mama yake amesema," Bi. Zilpah alisema mwishowe. "Wakili Kerosi alimsifu sana, lakini anamjua kwa simu tu. Mwambie kijana anitumie kazi mbili alizofanya, ambazo wenyewe wamekubali zionekane. Tutaangalia kazi. Maombi tumeshayasikia."

*

Mchungaji alipoondoka chai ilikuwa imepoa. Zablon alibaki amesimama. Na iwekwe wazi kwamba alimkasirikia mama yake siku hiyo. Alikumbuka kila kiganja kilichowahi kutua kichwani pake, na wale wasichana wa kwaya waliomwonea huruma, na kaka za Risper, na mtoto aliyeongea na simu.

"Miaka sita, mama," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu nikae. Ningekaa."

"Ndiyo maana sikukuambia," Jerusha alisema. "Ungekaa kweli, na ningejua ni mimi nimekufunga."

Hasira haikuisha hapo hapo, hasira haiko hivyo. Ila alivuta kiti akakaa karibu naye, akainywa ile chai baridi ya mchungaji kwa kuwa haikufaa kumwagwa, na jioni ikawakuta bado wamekaa.

*

Barua ilikuja baada ya majuma kadhaa. Mkataba wa mwaka mmoja, wenye nafasi ya kuongezwa. Ndani yake kulikuwa na sentensi ya ofisi iliyosema kwamba kwa kupanga daraja la mshahara, uzoefu wa kujitegemea huhesabiwa nusu, kwa hiyo mwombaji anatambuliwa kuwa na uzoefu wa miaka mitatu.

Zablon alimsomea Risper kwa simu. "Mitatu," alisema. "Na ile mingine mitatu?"

"Ile ulikuwa unaombewa," Risper alisema, na wakacheka wote wawili hadi Scovia akadai apewe simu aone kinachochekesha.

Jerusha hakusema mengi. Alimfulia mashati ambayo yalikuwa safi. Alimchinjia jogoo, akamlaumu kwamba hali vya kutosha. Kanisani Jumapili hiyo mchungaji alitangaza kwamba ndugu Zablon anakwenda Homa Bay kikazi, na hakuongeza neno lingine, jambo ambalo kwa mchungaji yule lilikuwa zawadi kubwa. Jerusha alipiga makofi pamoja na wengine. Asubuhi ya safari alimshika mwanawe kwa kola akamwambia asimwache mtoto alale na simu, kisha akarudi ndani kabla gari halijaondoka.

Siku yake ya kwanza ofisini Zablon alipewa dawati lililotazama ukuta, na kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Alikuwa amevaa visikizio, mama mmoja wa visiwani akimweleza jinsi alivyojifungulia ndani ya mtumbwi, simu yake ilipotetemeka. Alitoka hadi barazani.

"Mama, niko kazini," alinong'ona.

Alisikia mwangwi na sauti za wanawake, akajua amewekwa kwenye spika.

"Sema tena," Jerusha alisema. "Mama Nyangau hajasikia vizuri."

Zablon alitazama mlangoni. Austine alikuwa akipita na faili. Akajinyoosha, akasema kwa sauti ya kawaida, "Niko kazini, mama. Homa Bay."

"Mmesikia?" mama yake aliwauliza watu wa huko. Kisha spika ikazimwa. Zablon alisikia hatua za mama yake zikiwaacha wenzake, zikipita karibu na ng'ombe, hadi mahali palipokuwa kimya, na sauti yake iliporudi ilikuwa ndogo na ya karibu sana.

"Baba," alisema, "umekula?"